Wawili mapokezini, chumba kwa mmoja

Kwenye kipindi kilichopita niligusia kidogo safari yangu ya Guangzhou na shangazi, na wengi wenu mkauliza swali moja: ilikuwaje mpaka mkafukuzwa hotelini usiku? Hatukufukuzwa. Ila hadithi yenyewe ni ndefu kuliko zile dakika tano nilizopewa, ndiyo maana naiandika hapa. Na mwisho nimeweka mambo ya kukusaidia kama na wewe unapanga kwenda China na mfuko mwepesi.

Nianze na shangazi. Ana duka la mikoba Kariakoo, Mtaa wa Kongo. Mara mbili kwa mwaka anakwenda China kuchukua mzigo. Mimi nimezaliwa Reading, hapa Uingereza, na miaka yote hiyo shangazi kwangu alikuwa sauti ya kwenye simu. "Shikamoo shangazi." "Marahaba mwanangu, umekula?" Basi, simu anarudishiwa baba. Oktoba 2024 nilikuwa na likizo ya wiki moja na visenti kidogo, nikamwambia: safari hii na mimi nakuja. Akacheka. Hakuamini mpaka nilipomtumia picha ya tiketi.

Yeye alipitia Addis Ababa, mimi nikapanda ndege ya moja kwa moja kutoka London. Tulipanga tukutane uwanja wa ndege wa Guangzhou.

Suala la kulala nililichukua mimi. Shangazi aliniambia mapema kwamba huwa anafikia Xiaobei, kwenye hoteli ileile kila safari. "Pale wananijua," alisema. Mimi nikaangalia bei nikashtuka. Kumbe Oktoba ni msimu wa yale maonyesho makubwa ya biashara, Canton Fair, yanayofanyika mara mbili kwa mwaka tangu 1957. Wafanyabiashara wa dunia nzima wanamiminika, na vyumba vinapanda bei hata kwa sisi tusiokwenda kwenye maonyesho. Hoteli ya shangazi ilikuwa yuan 360 kwa usiku. Mimi nikapata nyingine, mtaa mwingine, picha nzuri, maoni mazuri, yuan 168. Kama pauni 18. Nikajiona mjanja.

Hapa nisimame kidogo kwa ajili ya neno. Nikisema hoteli simaanishi nyota tano. Kwa Kiswahili cha Tanzania hii ingeitwa gesti. Na ukimwambia mtu wa Dar "nipo hotelini", anaweza kudhani unakula wali maharage, maana kwa wengi hoteli ni mahali pa kula. China gesti za namna hii ni biashara kubwa sana. Kampuni moja inakuwa na mamia ya matawi yanayofanana kama mapacha: kuna Home Inn, kuna Hanting, kuna 7 Days Inn iliyoanzia hapohapo Guangzhou mwaka 2005. Halafu kuna nyingi ndogondogo za watu binafsi. Niliyochagua mimi ilikuwa ya mtu binafsi.

Tukafika saa tano na nusu usiku. Joto bado lipo, jasho linatutoka, shangazi ana mabegi mawili makubwa yaliyo matupu. (Matupu kwa sababu ya kurudi nayo yamejaa. Hilo nilikuja kulielewa baadaye.)

Mapokezini alikuwepo binti mmoja, labda umri wangu, miaka 24 au 25. Nikampa simu aone chumba nilichokodi. Akatabasamu. Nikampa pasipoti zetu mbili. Tabasamu likaondoka.

Akafungua ya kwanza, akaifunga. Akafungua ya pili. Akaangalia kompyuta, akabonyeza, akabonyeza tena. Akachukua simu yake, akaandika kitu, akatuonyesha tafsiri: hoteli hii haiwezi kupokea wageni kutoka nje ya nchi.

Mimi nilijiandaa. Nilikuwa nimesoma kwamba Mei 2024 serikali ya China ilitoa agizo: hoteli zisikatae wageni wa kigeni kwa kisingizio cha kutokuwa na kibali cha kuwapokea. Nikaandika yote hayo kwenye simu yangu, kwa ukali kidogo, nikamwonyesha. Akasoma, uso ukawa mwekundu. Akampigia mtu simu. Nadhani mwenye hoteli. Wakaongea, akawa anageuza geuza pasipoti zetu, anasoma majina ya nchi. Akakata simu. Akaandika, akafuta, akaandika tena. Halafu akageuza simu kutuelekea.

"Uingereza inawezekana. Mwingine haiwezekani."

Nilisoma mara mbili. Shangazi hakuwa na miwani, akaniuliza, "Anasemaje?"

Sikujibu haraka. Hiyo ndiyo sehemu ambayo sikuisema kwenye kipindi. Sote tuna jina moja la ukoo. Sote weusi, tena watu husema tumefanana paji la uso. Yeye amekwenda China zaidi ya mara kumi, mimi ndiyo kwanza naingia. Na kitabu kidogo tu kinasema mimi nilale, yeye atoke nje.

"Anasema mimi naweza kulala hapa," nikamwambia. "Wewe hapana."

Shangazi hakushangaa hata kidogo. Alisema, "Basi lala wewe, umechoka. Mimi naenda kwangu Xiaobei, asubuhi tutaonana."

Jamani, nilikuwa macho kwa saa karibu ishirini. Miguu imevimba. Ngazi ya chumba naiona pale. Na kwa sekunde mbili, labda tatu, nilifikiria kukubali. Halafu nikasema hapana, nikaanza kumpandishia sauti yule binti kwa Kiingereza. Shangazi akanishika mkono.

"Acha. Huyu mtoto si mwenye hoteli. Mwenye hoteli yuko kwake amelala. Ukimfokea huyu, kesho atakayekatwa mshahara ni yeye."

Binti alitutafutia teksi kwa simu yake mwenyewe, akatupa chupa mbili za maji, akatusindikiza mpaka mlangoni akibeba begi moja. Sijui nimweke kwenye kundi gani. Mpaka leo sijui.

Kwa nini ilikuwa vile?

Ndani ya teksi shangazi alinieleza, na nilipofika nyumbani nikahakikisha. Kwa sheria ya China ya uhamiaji, iliyoanza kutumika Julai 2013, mgeni yeyote akilala hotelini, hoteli lazima imsajili na kupeleka taarifa zake polisi. Mchina ana kitambulisho, kinawekwa kwenye mashine, sekunde mbili kazi imekwisha. Mgeni ana pasipoti, viza, tarehe ya kuingia nchini, nchi anayotoka, na vyote vinaandikwa kwa mkono kwenye programu. Hoteli ndogo ambayo haipati wageni, mfanyakazi wake hajui aanzie wapi. Akikosea, faini. Akikuambia "haiwezekani", hakuna anayemuuliza usiku ule.

Hiyo ni sababu moja, na ni ya kweli. Lakini haielezi kwa nini Uingereza iwezekane. Pasipoti yangu ina kazi ileile ya kuandika kama ya shangazi.

Sababu ya pili ina historia. Aprili 2020, wakati wa korona, Waafrika wengi Guangzhou walitolewa kwenye nyumba walizopanga na kwenye hoteli, hata wale ambao hawakuwa wamesafiri kokote na hawakuwa na ugonjwa. Watu walilala barabarani na mabegi yao. Mabalozi wa nchi za Afrika walioko Beijing waliandika barua ya pamoja kwa waziri wa mambo ya nje wa China kulalamika. Shangazi mwaka ule hakuwepo, alikuwa Dar na duka limefungwa. Ila rafiki yake wa biashara alikuwepo, na alikuwa anamtumia ujumbe wa sauti akiwa chini ya daraja. Shangazi bado anazo zile sauti. Hazisikilizi, lakini hazifuti.

"Ndiyo maana nakwenda pale wanaponijua," alisema. "Yuan mia mbili ya ziada si ya kitanda, mwanangu. Ni ya jina langu kuandikwa bila maneno."

Xiaobei

Tulifika karibu saa saba usiku. Kama hujawahi kusikia, Xiaobei ni mtaa ulioko wilaya ya Yuexiu, katikati ya Guangzhou, na kwa miaka mingi ndiko wafanyabiashara wa Kiafrika na Waarabu wanakofikia. Kuna migahawa ya Waislamu wa China, mishikaki inachomwa barabarani, kuna mawakala wa mizigo, kuna jengo la Tianxiu ambalo karibu kila mfanyabiashara wa zamani atakutajia. Watu wamepungua sana kuliko zamani, shangazi anasema, lakini usiku ule kwangu ilitosha. Nilisikia Kifaransa, Kiarabu, Kiswahili, kabla hata hatujashuka kwenye teksi.

Hoteli yenyewe ilikuwa ya kizamani. Lifti inanuka sigara na haina namba nne, kwa sababu neno la nne kwa Kichina linakaribiana sauti na neno la kifo, hivyo kutoka ya tatu unaruka ya tano. Lakini mapokezini mama mmoja wa makamo alinyanyua kichwa, akamwona shangazi, akasema kwa Kiswahili: "Mama! Karibu! Mzigo mwingi?"

Hayo ndiyo maneno yake karibu yote. Yalitosha. Akachukua pasipoti, akaandika, akapiga picha nyuso zetu, dakika tano. Ya shangazi na yangu, kwa zamu, bila kuuliza ipi ni ya wapi. Tukaweka amana ya yuan 200, tukapewa risiti na kadi ya mlango.

Chumba hakikuwa na dirisha. Kulikuwa na pazia, nikalifungua, nyuma yake ukuta. Kitanda kigumu kama meza. Bafu la kioo, yaani ukioga mwenzako anaona kivuli chako chote, na mwenzako ni shangazi yako. Birika la umeme, ndala za karatasi, mifuko miwili ya chai. Nikalala kama mtoto.

Ofisi yenye kitanda

Siku nne zilizofuata ndipo nilipoona kile chumba kinafanya kazi gani. Asubuhi tunakwenda masoko ya mikoba upande wa Sanyuanli, maghorofa na maghorofa ya mabegi tu. Jioni tunarudi na sampuli. Shangazi anazipanga kitandani, anavuta kila zipu mara ishirini, anapindua bitana, anavuta mikanda kwa nguvu zake zote. Usiku wa pili mkanda mmoja ukang'oka. Haukushonwa, uligandishwa kwa gundi. Alikuwa amekaribia kuagiza mia tatu za aina ile.

"Hii ningeionea Kariakoo," alisema, "mteja amenirudishia, na ada ya shule imekwenda."

Ada ya shule ya nani? Ya binamu zangu watatu. Na, nilikuja kuambiwa, tiketi ya baba ya kwenda Uingereza mwaka 1996 pia ilitokana na duka lile, wakati bibi ndiye mwenye duka. Hilo baba hakuwahi kunisimulia. Nililisikia kwenye chumba kisicho na dirisha, nikiwa nashikilia mkoba wa yuan 38.

Na kuna jambo la lugha, maana najua ndilo mnalolipenda hapa. Mimi Kiswahili changu nakionea haya. Nikisema "mtoto ya" badala ya "mtoto wa", baba ananikatiza pale pale. Basi kwenye lifti nikakutana na mama mmoja wa Lubumbashi, mnunuzi wa viatu. Akaniangalia, akauliza, "Weye ni mutoto ya nani?"

Mutoto ya nani! Nilitaka kumkumbatia. Ni mtu mzima, anafanya biashara ya makontena kwa Kiswahili hicho, na hakuna anayemkatiza. Tukaanza kuongea kila jioni pale mapokezini, yeye, shangazi, kijana mmoja wa Mombasa na mimi. Kila mmoja na Kiswahili chake. Kijana wa Mombasa alimcheka shangazi kwa kusema "laini", yeye anasema "kadi ya simu". Mimi nilikosea mara mia. Walinisahihisha mara mbili tu, na mara zote mbili kwa sababu nilikuwa nimekosea bei.

Usiku wa mwisho, taa imezimwa, shangazi akasema, "Siku ile ulitaka kubaki."

"Hapana, shangazi."

"Ulitaka. Nilikuona."

Nikanyamaza. Kiyoyozi kinanguruma.

"Hata mimi ningetaka," akasema. "Kitanda cha kule kilionekana laini." Akacheka mpaka akakohoa. Halafu akalala. Mimi sikulala mapema.

Kama na wewe unakwenda

Uliza kabla ya kulipa. Andikia hoteli kwenye programu uliyokodishia, kwa Kichina cha tafsiri: mnapokea wageni kutoka nje? Taja pasipoti zote mnazosafiri nazo, si yako tu. Piga picha jibu. Mimi ningefanya hivyo tusingezunguka mji usiku.

Angalia dirisha. Chumba cha bei ya chini sana mara nyingi hakina. Kama kuna hali ya dirisha kwenye maelezo, soma mpaka mwisho.

Amana. Yuan 100 au 200 ni kawaida. Tunza risiti. Ukiondoka, mhudumu anakagua chumba kwanza ndipo unarudishiwa. Shangazi hupiga picha chumba akiingia: mataulo, kioo, rimoti. Nikamcheka. Halafu siku ya kuondoka wakauliza taulo la tatu, akaonyesha picha, yalikuwa mawili. Yuan 200 zikarudi kamili.

Kadi ya mlango ndiyo umeme. Unaichomeka ukutani taa zinawaka, ukitoka nayo kila kitu kinazima, pamoja na simu uliyoacha inachaji. Kwenye vyumba vingi kadi yoyote inafanya kazi. Shangazi anatumia kadi ya zamani ya kliniki.

Malipo. Unganisha kadi yako ya benki na Alipay au WeChat ukiwa bado nyumbani. Beba na noti kidogo.

Mtandao. Kwenye waifai ya hoteli WhatsApp, Google na Instagram hazifunguki. Laini yako ya nyumbani ikiwa na bando la nje, kwa kawaida zinafunguka. Mwambie mama yako mapema asije akadhani umepotea.

Ukilala kwa rafiki. Hapo hakuna mapokezi ya kukusajili. Wewe au mwenyeji wako mnatakiwa kukusajili polisi ndani ya saa 24. Faini inaweza kufika yuan 2,000.

Chukua kadi ya hoteli. Ile ndogo yenye anwani kwa Kichina. Ukipotea unamwonyesha dereva, basi.

Yangu bado ninayo kwenye pochi, nyuma ya kadi ya benki. Shangazi anarudi Guangzhou Aprili, na ameshaniuliza kama nina likizo. Safari hii hoteli anachagua yeye.

Na wewe je, umewahi kusimama kaunta moja na mtu wa familia yako, ukaambiwa wewe pita, yeye asubiri? Uwanja wa ndege, benki, hospitali, popote. Tutumie ujumbe wa sauti, kwa Kiswahili ulichonacho. Kipindi kijacho tutasikiliza vichache. Ukikosea ngeli, hatukukatizi.